Nilitengeneza taarab kwa AI nikajua ni yangu, kumbe mwenyewe yuko Mkoani

Assalaam alaykum wakuu.

Mnaouliza kila siku humu kama nyimbo za AI zinalipa, leo nawapa yaliyonikuta. Chumvi siongezi, imo yenyewe.

Mimi nauza kava za simu Chake Chake, Pemba. Nilipeleka posa mji wa Mkoani kwa kina Raya, binti niliyempenda, jibu likawa halijatoka. Mwenye jibu ni mama yake, Bi Time, mwanamke ambaye hata wapagazi wa bandarini hawathubutu kurushiana naye maneno.

Basi nikaingia kwenye app moja ya kutunga nyimbo. Nikaagiza taarab, fidla nyingi, mwimbaji mama mtu mzima mwenye madaha. Beti nikaandika mwenyewe.

Kiitikio kikagoma.

Siku hiyo Raya akawa ananisimulia kwenye simu, huku anacheka, jinsi mama yake alivyompasha jirani mmoja mpenda kujipamba: "Ntu vitendo, si ntandio."

Kwa ndugu zetu wa bara: mtu ni vitendo vyake, si mtandio aliojitanda.

Wallahi nilipenda. Nikaandika vilevile, kama Wapemba tunavyotamka.

Sasa mashine haijui Kipemba. Ilipoona "ntu" ikaimba "ENI-TU vitendo, si ENI-TANDIO". Tena kwa hisia, inavuta sauti utadhani imeachwa jana. Nikasema potelea mbali, ndiyo mtindo.

Nikaupiga kwenye harusi ya rafiki yangu. Kina mama wakainuka kutunza. Mwimbaji hayupo, wakatunza spika! Mmoja aliipachika noti, akaikonyeza.

Nikauweka mtandaoni. Haukukaa sana, jamaa mmoja wa Unguja akaupakia kwake, kaweka picha yake ameshika fidla, na matangazo juu. Hajui hata "enitu" ni nini!

Damu ikanichemka. Nikampigia binamu yangu anayesoma sheria.

Akanimwagia maji baridi. Kwa nilivyomwelewa, muziki uliotolewa na mashine tupu ni vigumu kuudai kuwa wako. Halafu mimi nilitumia app ya bure, na masharti yake (nani anayasoma?) hayaruhusu biashara. Cha kudai labda maneno.

"Umeyatunga mwenyewe?" akaniuliza.

Nikajibu ndiyo. Kiitikio sikukitaja.

Kabla sijatuma claim, yaani madai ya hakimiliki kwa wenye mtandao, Raya akapiga: "Mama kausikia. Akutaka kesho."

Wakuu, niliogopa. Habari za copyright zote zilinitoka, nikabaki naiwaza posa yangu.

Nimefika, Bi Time kakaa kwenye mkeka, simu pembeni inaimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyimbo hii katunga nani?"

"Kompyuta, mama."

"Kompyuta hiyo kwao Mkoani?"

Nyuma ya pazia nasikia Raya anajizuia kucheka.

"Maneno yangu hayo, nimeyasema kwa kinywa changu. Na hicho 'enitu' kitu gani? Waniibia, tena waniharibia!"

Hapo nikaelewa kuwa wizi ungesameheka. Kilichomuuma ni matamshi.

Nikaomba radhi, nikakiri kila kitu. Akaichukua simu yangu, akataka nimrekodi, akaimba kiitikio chote yeye mwenyewe, kwa lahani yake. Nywele zilinisimama. Mashine haitoi kitu kama kile.

Claim ikaenda kwa jina la Bi Time, mwenye maneno. Mnajua shahidi nani? Yule jirani aliyepashwa! Alikubali kwa furaha, maana na yeye sasa ni maarufu. Jamaa wa Unguja akaushusha wimbo kimyakimya.

Toleo jipya lipo, sauti ni ya Bi Time. Kinachoingia ni kidogo na kinakwenda kwake, mimi ni mpakiaji tu. Lakini posa ilijibiwa.

Nilichojifunza: kabla hujagombana na aliyekuibia, hakikisha na wewe hukuiba. Masharti ya app yasome, na ukiokota neno tamu mdomoni mwa mtu, muombe.

Wenye uzoefu na hizi nyimbo za AI shusheni hapa, hasa wanasheria, nikosoeni.

Ila msinitafute kwa jina langu, huku ukweni limeshakufa. Jana Bi Time kanipigia: "Enitu, nkwe wangu, siku ya harusi spika yako usiilete. Ntaimba mwenyewe."