Koti la Kobe

Fundi makochi hakupenda kuona kitu kikikaa uchi. Kochi likitoka mikononi mwake lilivikwa nailoni kabla gundi haijakauka vizuri, na mteja aliyeichana siku hiyohiyo, fundi alimtazama kama mtu aliyemvua mtoto shati kwenye baridi. Nyumbani kwake viti vya sebuleni vilikuwa na nailoni iliyogeuka manjano kwa uzee. Mgeni akikaa, kiti kilipiga kelele, akiinuka, kilimng'ang'ania.

"Mimi nimepona kwa sababu nina mdomo," mkewe aliwaambia mashoga zake. "Ningekuwa mpole, angeshanifunga na mimi."

"Vumbi halina haya," fundi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Ukilifungulia mlango, linaingia na ukoo wake mzima."

Katika miaka yote ya kushona vya watu, kitu kimoja kikubwa alijitengenezea mwenyewe. Lilikuwa basi dogo kuukuu, alilolinunua likiwa halina hata kiti cha dereva, akaligeuza nyumba: kitanda cha watu wawili nyuma, makabati pembeni, jiko dogo la gesi, sinki, na kwenye paa kidirisha cha kutolea joto. Kwa kuwa lilitembea polepole na nyumba yake mgongoni, wakaliita Kobe.

Kobe hakutengenezwa kwa anasa. Binti yao alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili, na mama mtu alikuwa na pumu. Mara ya mwisho walipokwenda kwa basi, walilala njiani katika nyumba ya wageni. Kuta za chumba zilikuwa zimechorwa ramani na unyevu, godoro linanuka kama kisima, na kabla hakujapambazuka mama huyo alikuwa hospitali, mpira wa oksijeni puani. Tangu hapo hakusafiri tena. Mjukuu alizaliwa, akaota meno, akaanza kusimama kwa kushikilia viti, na bibi yake akayaona yote hayo kwenye kioo cha simu.

"Mvua zikiisha," fundi alimwahidi, "utalala kwenye kitanda changu njia nzima, mpaka umbebe."

Zilipokaribia hizo mvua, akakodi nafasi katika banda la mabati nje kidogo ya mji, banda refu lenye paa zuri lisilovuja. Mtu mwingine angeona paa linatosha. Fundi alifika na robota la nailoni nene begani. Alimzungushia Kobe nailoni hiyo kuanzia paani hadi kwenye matairi, akaziba kila kiungo kwa utepe wa gundi, akarudi nyuma hatua chache na kutabasamu. Jirani yake wa banda, mstaafu ambaye wote walimwita Mwalimu, alikuwa ameegesha pale gari lake la kulala, naye akavutiwa.

"Fundi, hilo ni koti hasa! Na mimi je?"

"Wewe tena, Mwalimu? Sogea nikupimie."

Akamfungia na yeye, bure, kwa mapenzi.

Mkewe alisimama pembeni, mkono kiunoni. "Baba watoto, hiki kitu kitapumulia wapi?"

"Gari lina mapafu?"

"Mimi ninayo. Na mimi ndiye nitakayelala humo."

"Mama watoto, nimeanza kufunga makochi kabla hujanijua. Kazi ya fundi haiingiliwi."

Mkewe akanyamaza. Waliomjua vizuri wangeogopa kunyamaza kule. Mumewe akadhani ameshinda.

Mvua zikanyesha kama zilizokuwa zimezuiliwa. Shati lililofuliwa lilimaliza siku nne kambani likiwa bado bichi. Fundi hakwenda bandani hata mara moja. Kitu kikishavaa nailoni, alisema, hakihitaji kutembelewa.

Jua lilipotulia, wakakubaliana waondoke Jumapili. Jumamosi fundi akatangulia bandani asubuhi amvue Kobe na kuangalia injini. Mkewe angefuata na mashuka. Alipofika akamkuta Mwalimu amekwisha chana nailoni ya gari lake na kufungua mlango, naye amesimama mbali kidogo, leso puani.

"Njoo uone, fundi," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha.

Harufu ilimfika kabla ya macho. Ndani, godoro lilikuwa limeota madoa meusi na ya kijani. Mapazia yalikuwa na manyoya. Upande wa ndani wa nailoni matone yalikuwa bado yananing'inia, na fundi, ambaye hakuwa mjinga, akaelewa papo hapo kilichotokea msimu mzima: mchana bati lilipata moto, usiku likapoa, na gari lililokosa pa kutolea jasho likalowa kwa jasho lake lenyewe. Maji hayakuingia kutoka nje. Yeye ndiye aliyeyafungia ndani.

"Mwalimu, nimekuharibia."

"Umeniharibia, ndiyo," Mwalimu alisema. "Lakini niliomba mwenyewe. Sasa kaangalie la kwako."

La kuvunda halina ubani. Angeweza kulisugua gari wiki nzima, kulianika, kulipulizia manukato. Ukungu ukishalala ndani ya sponji haufukuziki, na kifua cha mkewe kingeujua usiku wa kwanza tu. Nani angemwambia mwanamke yule, aliyekwisha fungasha vigauni vya mjukuu, kwamba asubiri mwaka mwingine?

Akamwendea Kobe. Alipoinama kukata utepe wa chini, akakuta hakuna utepe. Nailoni ilikuwa imechanwa pande zote mbili, juu kidogo ya matairi, na vipande vimekunjwa vizuri. Akatazama juu. Paani palikuwa na tundu kubwa, palepale penye kidirisha.

"Wezi!" akapiga kelele. "Mlinzi! Mlinzi wewe! Nimeibiwa!"

Mlinzi alikuja mbio, akaona anachooneshwa, akapunguza mwendo. Akajikuna kisogo.

"Hakuna mwizi, mzee."

"Nani kapanda juu ya gari langu?"

"Mzee, mimi niliambiwa nikisema nitakiona cha moto."

Fundi hakungoja zaidi. Akachukua ngazi, akapanda. Kidirisha kilikuwa kimeinuliwa kiasi cha vidole vitatu, na juu yake kimetandikwa kipande cha chandarua, kimeshonewa kwenye nailoni kwa uzi mnene wa makochi ili mdudu asipite. Mishono ilikuwa imelalia kushoto. Katika nyumba yao kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeshona kwa mkono wa kushoto.

Akashuka polepole. Akainua nailoni, iliyochanwa hata mlangoni, akafungua mlango, akavuta pumzi ndogo, ya woga. Akavuta nyingine. Kulinuka mbao. Mbao na gundi, kama siku aliyomaliza kumtengeneza. Milango ya makabati ilikuwa wazi yote. Godoro lilikuwa limesimamishwa kwa ubavu lisiguse ukuta, na kando yake beseni la makaa ya kunyonya unyevu. Hata bomba la chini ya sinki lilikuwa limezungushiwa waya wa kusugulia sufuria, panya asipate njia. Fundi akapitisha kiganja chini ya godoro, kwenye mbao, kwenye pembe za nyuma. Kikavu. Kikavu kila mahali.

Akaketi kwenye ngazi ya mlango, akashusha pumzi mpaka mlinzi akamwuliza kama anaumwa.

"Alikuwa anakuja lini?"

"Akitoka kliniki, mzee. Mimi namshikia ngazi tu. Akishuka ananiambia, 'Mume wangu ni fundi mzuri sana, ila hasikii.'"

Mkewe alipotokea getini na furushi la mashuka, fundi alimkimbilia, akamzungusha mbali na gari la Mwalimu ili ile harufu isimpate. Akampokea furushi.

"Umeona?" mkewe aliuliza.

"Nimeona. Umenichania nailoni yangu."

"Yote ya chini, na ya juu."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, ukaniuliza kuhusu mapafu ya gari." Kisha akalegeza sauti. "Nisingeweza kugombana nawe msimu mzima, mzee wangu. Pumzi yenyewe ndiyo hii ya kubania. Nikaona niitumie kupanda ngazi."

Mwalimu akacheka kutoka kule aliko. "Shemeji, na mimi ungenitoboa!"

"La kwako sikuthubutu, Mwalimu. Gari la mtu ni kama mke wa mtu."

"Godoro na mapazia ni juu yangu," fundi akamwambia Mwalimu. "Mapya. Nikirudi tu."

"Sawa. Ila yaje bila nguo."

Mkewe alitandika kitanda mwenyewe. Kisha akajilaza, kujaribu tu, alisema. Afadhali kifua kimkatae hapa karibu na nyumbani kuliko njiani. Fundi akasimama mlangoni, pampu ya pumu mkononi, kidole kimeshika kifuniko. Aliposikia yuko kimya akajua anasikilizia ndani ya mbavu zake, kama mtu anayesikiliza hodi. Kidirisha cha paa kilikuwa wazi na hewa ilipita taratibu ikicheza na pembe ya shuka.

"Je?" akanong'ona.

Hakujibiwa. Alisogea, akainama. Alikuwa amelala mchana kweupe, mdomo umefunguka kidogo, pumzi zikiingia na kutoka bila mluzi wowote.

Mlinzi akawa anavuta geti la bati, na fundi akamfanyia ishara kwa mikono yote miwili aliache kwanza. Akatia pampu mfukoni, akaketi mlangoni kumlindia usingizi, akaanza kuing'oa nailoni iliyobaki, kipande kwa kipande, kwa uangalifu isije ikapiga kelele.