Nilivyomwongezea Miaka Mtoto Niliyemnyonyesha

Mimi ni mwongo. Naanza hapo ili nisije nikababaika huko mbele. Na si mwongo wa hivi hivi, wa kuazima chumvi na kusema nitairudisha kesho. Uongo wangu ulikaribia kumtia mtoto kitanzini.

Jina langu silisemi. Lakini nyinyi watu wa Msambweni mtakuwa mshanijua kabla hamjafika katikati, maana mdomo kama huu hauko miwili pale kwetu. Haya, nijueni! Nimechoka kujificha.

Kazi yangu ni kuuza mahamri na mbaazi za nazi, asubuhi, kwenye baraza la duka la Mhindi. Mahamri yangu ni ya kawaida, tusidanganyane. Kuna bibi upande wa pili wa barabara ambaye hamri lake laumuka vizuri na lanukia iliki mpaka msikitini. Lakini watu walimpita yeye wakaja kwangu, kwa sababu kwangu walipata habari. Nani kaachwa, nani kaolewa, nani karudi kutoka Mombasa na viatu vipya. Nikijiona mtu mkubwa, mwenzenu! Nikijiona kama redio.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu bendera yetu ipande. Jirani yangu na shoga yangu, nitamwita Mwanasha, alikuwa na kijana wake, nitamwita Hamisi. Kijana huyu alikuwa akifundishwa kugema tembo la mnazi na Bwana Kombo. Bwana Kombo alikuwa mtu wa mzaha, anapendwa na kila mtu, na hasa na wale waliokuwa wakinywa tembo lake huku wakiapa hawajui hata harufu yake.

Asubuhi moja akamshutumu Hamisi kwamba amekunywa tembo la kibuyuni, akamzaba kofi mbele za watu. Hamisi alikuwa na kotama mkononi, kile kisu cha wagema. Akampiga nacho shingoni. Bwana Kombo hakufika hospitali.

Sina maneno ya kulipamba jambo hilo. Hamisi aliua, na marehemu alikuwa mtu mwema, aliyeacha mke na watoto wanne.

Na mimi nilikuwa wapi? Chooni. Wallahi, chooni! Tumbo lilinikamata kwa mbaazi zangu mwenyewe za jana yake, zile zile nilizowauzia watu wazima na akili zao. Nikasikia mayowe, nikatoka mbio huku najifunga kanga, nikafika mwili ushabebwa. Nilichokiona kwa macho yangu ni damu mchangani na ndara moja ya marehemu.

Lakini asubuhi ya pili watu wamenizunguka, bakuli mikononi, na mmoja akaniuliza, "Bibi, wewe si jirani yao? Ulikuwepo?"

Sasa ningesema nilikuwa chooni? Na mbaazi ziko mbele yangu zauzwa? Nikasema nilikuwepo.

Basi hapo nikafungua mlango. Siku ya kwanza niliona kotama ikiinuka. Siku ya pili nilisikia alichosema Hamisi kabla ya kupiga. Siku ya tatu alicheka. Jamani, nilimchekesha yule mtoto juu ya maiti, na mahamri yakaisha kabla jua halijapanda! Yule bibi wa ng'ambo akabaki na sinia lake limejaa, ananitazama.

Na mji wenyewe ulikuwa umechemka. Kila mtu alikuwa na lake. Wazee wa kahawa walisema ni huu Uhuru, vijana wamedhani wameruhusiwa kila kitu. Mwenye duka alisema ni tembo. Wanywaji wa tembo walisema ni sinema za Mombasa, ilhali Hamisi hajawahi hata kuvuka Likoni. Wanawake kisimani walisema ni mama yake, alimdekeza. Wengine wakasema ana pepo. Lakini mwisho wote walikutana mahali pamoja: anyongwe. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu siku za kupiga kura walirudi kusalimiana kwa sababu ya hilo.

Mtu mmoja tu aliharibu shughuli. Alikuwa mzee mmoja, dresa wa zamani, mfunga vidonda hospitalini, mtu wa kusema polepole. Aliweka bakuli chini akasema, "Lakini yule ni mtoto jamani. Yule hajafika miaka kumi na minane. Mtoto kama huyo hanyongwi."

Watu wakageuka. Wakanitazama mimi.

Hapa ndipo yalipo makosa yangu, na nitayaeleza yote, hata kama uso utanishuka.

Zamani mimi na Mwanasha tulikuwa tumeolewa kijiji cha Kibuyuni, kabla waume zetu hawajahamia Msambweni. Tulijifungua wiki moja, mimi binti yangu Mwanasiti, yeye Hamisi. Mwanasha akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Nikamnyonyesha mimi Hamisi, miezi miwili, Mwanasiti ziwa hili na yeye ziwa hili. Kwa dini yetu mnajua maana yake. Hamisi ni ndugu wa Mwanasiti, hawezi kumwoa. Na mimi ni mama yake. Tangu alipojua kusema alikuwa akiniita mama.

Msambweni hakuna aliyejua hayo. Mkunga alishakufa, na waume zetu pia, wazee wa Kibuyuni wako kwao. Na mimi nilipoona mji ulivyowaka, nikaogopa. Nani atakula hamri lililokandwa na mama wa muuaji? Tena nina binti wa kuozwa! Nikawaza, kama Hamisi ana miaka ishirini, basi hawezi kuwa alinyonya pamoja na Mwanasiti mwenye kumi na sita. Nikimwongezea miaka, ziwa langu litakuwa limesafika.

Mwaziona akili hizo? Na bado najiita mtu mzima!

Nikamjibu yule mzee, "Mtoto! Mtoto gani mwenye ndevu? Yule ni jitu la miaka ishirini na ushei. Alizaliwa mimi ni mwari, sijaolewa!"

Watu wakashusha pumzi. Mzee akachukua bakuli lake akaendelea kula.

Haikupita siku mbili akaja askari, kijana wa bara, mpole, daftari kwapani. Akala mahamri matatu kwanza. Kisha akasema, "Mama, nasikia wewe ndio unajua hii kijana tangu azaliwe. Iko na miaka ngapi?"

Ningeweza kusema sijui. Neno sijui ni jepesi, hata mtoto mchanga angelisema kama angekuwa na meno. Lakini mimi na neno hilo hatujawahi kuelewana. Nikasema ishirini. Akaandika. Nikaweka na kidole changu kwenye wino, kwa madaha, kama ninayepewa nishani.

Mwanasha alikuja kwangu adhuhuri moja, kwa mlango wa uani. Alikuwa amekonda mpaka kanga yamzunguka mara tatu. Hakulia. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, maana sikuwa hata nimemkaribisha kiti.

"Mwenzangu," akasema, "wakili wa Hamisi ameniambia kila kitu kimesimama kwenye umri. Daktari amemtazama meno na mifupa, asema aweza kuwa kumi na sita, aweza kuwa kumi na tisa. Na polisi wana mtu aliyewaambia ishirini."

Hakusema ni nani. Alikuwa anajua, nami nilijua kwamba anajua.

"Nimekuja kuomba ile karatasi ya mwalimu," akasema.

Lo! Karatasi! Mwalimu wa chuo cha Kurani wa Kibuyuni aliwapigia nyota watoto wetu siku moja. Karatasi ilikuwa ya shida, akawaandika wote wawili ukurasa mmoja, kwa herufi za Kiarabu, majina yao na siku na mwezi na mwaka. Nikaitunza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sanduku. Ilikuwa ndani wakati ule ule, hatua sita kutoka pale tulipokaa, chini ya leso zangu za sikukuu.

Nikamwambia, "Shoga yangu, ile ililiwa na mchwa zamani."

Akanitazama. Kisha akainuka, akajipangusa, akasema, "Alhamdulillahi. Kama ni mchwa, ni mchwa." Akaenda zake.

Nilitaka kuichoma, sikatai. Niliitoa mara mbili nikaisogeza jikoni karibu na moto. Ina jina la Mungu juu yake, nikaogopa. Ndivyo nilivyo, naogopa kuchoma karatasi na siogopi kunyonga mtu!

Kilichonizindua ni jambo la aibu kuliko yote. Jioni moja nilikuwa nakanda unga. Wateja asubuhi ile walikuwa wameniuliza, "Siku ya kunyongwa, bibi, utatuletea habari?" Nikawajibu, niacheni, mtazipata moto moto. Basi nakanda, na huku kichwa chajiendea chenyewe, nikajikuta natunga. Natunga jinsi atakavyotolewa, atakavyovaa, atakavyosema mwisho. Nikampa na maneno, maneno mazuri ya kuliza watu: "Mama, nisamehe."

Nikasimamisha mikono. Mama yupi? Mtoto huyu ana mama wawili, na mmoja wao yuko hapa na unga viganjani, anapanga jinsi ya kukiuza kifo chake pamoja na mbaazi.

Nikalia mpaka unga ukaharibika. Sikuusubiri uumuke. Nikafungua sanduku, nikatoa karatasi, nikaenda kwa Mwanasha vile vile na mikono yangu myeupe. Nikaiweka mapajani mwake. Nilitaka kusema mengi, nikasema, "Mchwa wameitapika." Hata hapo, jamani! Hata hapo sikuweza kusema nisamehe kama watu.

Kortini Mombasa nilivaa buibui jipya, kwa sababu mjinga hafi upesi. Nilidhani nitatoa ushahidi kwa heshima na watu watanipisha njia. Wakili wa Serikali akasimama mbele yangu, ameshika lile daftari la askari.

"Uliwaambia polisi ana miaka ishirini. Leo wasema kumi na sita. Uliongopa lini, mama?"

"Siku ile, bwana mkubwa."

"Na uliwaambia watu ulimwona akiua."

"Sikumwona."

"Ulikuwa wapi?"

Nikaangalia nyuma. Nusu ya Msambweni ilikuwa imekaa pale, wateja wangu wote, kwenye safu za mbele. Nikasema, "Chooni."

Walicheka mpaka karani akaacha kuandika. Jaji akagonga meza. Wakili akafunua maelezo ya Mwanasha, akaniuliza tena, "Na karatasi hii, si ulisema imeliwa na mchwa?"

"Mchwa ni mimi, bwana."

Wakacheka tena. Aliyekuwa hacheki ni mmoja, amesimama kizimbani kati ya askari wawili, amenyolewa, shingo nyembamba kama ya jogoo mdogo. Nilipokuwa nashuka nikapita mbele yake. Akasema polepole, kama alivyokuwa akisema kila siku akipita ugani kwangu, "Shikamoo, mama."

Nikashindwa kuitikia marahaba.

Jaji aliikubali karatasi. Hamisi hakunyongwa. Alifungwa, na hakuambiwa mwisho wa kifungo chake, mpaka Serikali itakapoona vyema.

Mimi nilirudi Msambweni nikakuta nimeshapewa jina, sitawaambia ni lipi, mtalikisia wenyewe. Mbaazi zangu hazinunuliwi tena, na siwalaumu. Yule bibi wa ng'ambo amepanua banda. Mjane wa Bwana Kombo akiniona ageuza uso, naye ana haki. Nilikuwa nimemwahidi kamba ya kumnyongea Hamisi, kisha nikamnyang'anya mbele ya watu, na katikati ya yote hayo hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Hata mimi nisiyeacha kuuliza sikumuuliza.

Nilimwendea Mwanasha nikitegemea ahsante. Ndiyo, ahsante, msishangae! Akanipa maji ya kunywa, akasubiri mpaka nikamaliza, akasema, "Mwenzangu, kumi na sita ni yake. Hukumpa wewe." Tangu hapo twasalimiana, na salamu zikiisha, zimeisha.

Lakini hayo yote naweza kuyabeba. Nisichoweza kukibeba ni Mwanasiti. Siku tuliyorudi kutoka Mombasa alinipokea kikapu, akaniwekea maji ya kuoga. Nikaoga, nikala. Alipokuja kuondoa sahani akachuchumaa karibu yangu na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Mama, na kama aliyeua ningekuwa mimi, ungeniongezea miaka mingapi?"

Nimemtafutia jibu tangu siku hiyo. Hajauliza tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Basi mwenzangu unayesoma, siku moja mji wako nao utapatwa. Mtoto wa mtu atafanya jambo la kutisha, na kila mdomo utakuwa na hukumu yake, na wako utakuwasha. Walilie waliofiwa, uwapelekee chakula, umwachie jaji kazi yake. Na kabla hujamwita mtoto wa mwenzio jitu zima la kunyongwa, ingia ndani umtazame wako aliyelala, umhesabie miaka yake mmoja mmoja kwa vidole. Kisha utoke, kama bado una la kusema.