Na Mama Mkwe Kisiwani Malta

Mimi sikutaka kwenda Malta. Niseme mapema, maana mke wangu huwaambia watu kanisani kwamba wazo lilikuwa langu. Lilikuwa la shemeji yangu anayeishi Tonawanda, kule Buffalo. Mama yao, wa Whitehall, Columbus, ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazimika, na daktari alimwambia la kulia nalo halina muda mrefu. Watoto wakamuuliza anatamani kuona nini kabla nalo halijazimika. Tulidhani atataja Fizi, alikozaliwa. Akasema anataka kuona pale meli ya Mtume Paulo ilipovunjika, huko Malta.

Bon, shemeji akapanga safari, yeye ndiye amshike mama mkono. Zikiwa zimebaki wiki mbili, kiwandani wakamnyima likizo. Ikabidi mimi na mke wangu tutoke Louisville, mtaa wa Okolona, tukampeleke. Sasa, kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake wala hamtazami usoni, naye vivyo hivyo. Huku Marekani wengi wameshaacha. Mama huyu hajaacha hata nukta. Miaka kumi na mmoja nimemwoa binti yake, na nikiingia sebuleni anajifunika kitenge na kugeukia ukuta. Akiwa na neno kwangu anamtuma binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Tulitembelea makanisa ya mawe na bandari yenye mashua zilizochorwa macho, mke wangu akiwa katikati yetu. Siku ya pili mke wangu akala sungura, chakula chao cha sifa. Nilimkataza, hakusikia. Asubuhi tumbo lilimshika asiweze kuinuka kitandani, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwenye ghuba ya Paulo. Kesho yake tunarudi. Nikafoka kwamba haiwezekani, mimi na mama yake peke yetu, jamani! Akanijibu kwa sauti ya mgonjwa kwamba basi niende nikamwambie mwenyewe kuwa amevuka bahari bure. Hilo sikuliweza.

Kwenye basi nilikaa mbele, yeye nyuma yangu. Aliliambia dirisha lake kwamba mtu mwenye akili angeuliza tunashukia kituo gani. Nami nikaliambia dirisha langu kwamba mtu huyo ameshauliza. Watalii wakatukodolea macho. Nilikuwa na hasira na aibu, na nikiri, nilianza kumpenda.

Sanamu ya Paulo imesimama kwenye kisiwa kidogo cha miamba, mbali na ufuko. Mama alisimama akakaza jicho muda mrefu. Akasema, bila kumwambia mtu, kwamba haoni kitu, na machozi yakamtoka. Roho iliniuma sana. Palikuwa na mashua inayopeleka watalii karibu na sanamu, lakini kuipanda kulitaka kushuka ngazi zenye utelezi. Akashuka peke yake akipapasa ukuta, mimi nyuma, mikono mfukoni, nimekunja ngumi. Ngazi ya tatu mguu ukateleza. Nikamdaka mkono kabla sijafikiri.

Nilingoja auchomoe. Hakuuchomoa.

"Usiniachie," akasema.

Ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia mimi mwenyewe. Tukapanda mashua, tukakaa ubao mmoja, mkono wake bado umo mkononi mwangu. Mashua ilipokaribia alinyanyua uso. "Namwona," akasema polepole. "Mweupe. Asante Bwana."

Kisha akaacha kutazama. Wenzetu bado wanapiga picha, yeye amegeukia upande wangu. Nikaona anapoteza bahati, nikamwambia kwa ukali kidogo, nikiwa nimeinamisha macho, kwamba mashua itageuka sasa hivi, atazame.

"Huyo nimeshamwona," akasema. "Inua uso, baba. Jicho hili linaondoka, na mume wa binti yangu sijui anafananaje."

Nikauinua. Alishusha kitenge mabegani, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye jua kwa kujinafasi, mpaka sanamu ikaachwa nyuma yetu. Akaanza kucheka.

"Kumbe wajukuu wangu sura hii wameitoa kwako."