Mama Lishe Aliyeiteka Kofia ya Hakimu

Saa mbili asubuhi, Bernadeta anapakua wali chini ya turubai lake, kando ya mahakama ya mwanzo mjini Ifakara. Kichwani amevaa kofia nyeusi ya kiume, aina ya pama. Wapita njia wanacheka.

"Ni ya hakimu," anawajibu bila kuinua uso. "Akiitaka, aje."

Hakimu mwenyewe ni Mayunga, mstaafu anayeishi Katindiuka. Leo ukumbi mpya wa kusubiria kesi unatakiwa kupewa jina lake, lakini amekataa wiki nzima. Asipofika, kamati itatafuta jina jingine.

"Anasema alilipwa mshahara, kwa hiyo hadai kitu," anaeleza Evaristo, mkulima wa Mchombe aliye kwenye kamati. "Mwanzoni wakulima tulimhofia. Tulisema huyu ni Msukuma, atawapendelea wafugaji wenzake. Kumbe hatoi hukumu mpaka akanyage shamba lililoliwa na ng'ombe."

Bernadeta, mwenye miaka 49, ana sababu yake ya kutaka mzee aje. Zamani mama lishe waliamriwa waondoe majiko hapa. "Hakimu akauliza, wanaosubiri toka asubuhi wale wapi? Tukabaki." Kwa sahani za shilingi 2,000 amesomesha watoto watatu.

Jana alimfuata mzee nyumbani. Bernadeta ni Mpogoro, na kwa miaka mingi wawili hao wameitana watani. Mtani akikuchukulia kitu, humshitaki. Unakwenda kukikomboa. Bernadeta alilitoa pama msumarini, akaaga.

Saa nne mzee anashuka kwenye bodaboda, kichwa wazi.

"Mpogoro mwizi, lete kofia yangu."

"Shikamoo, mtani. Ng'ombe mmoja."

"Utamfunga wapi? Nyie mnafuga kuku tu, nao wanawakimbia."

"Basi iko bei ya pili. Ingia mle, ukae mbele."

Mayunga anautazama mlango wa ukumbi. Wakulima na wafugaji wamesimama pamoja, wanamngoja. Anacheka mpaka anajifuta macho.

"Nimeshindwa kesi," anasema, anapokea pama lake na kuingia.

Kitambaa kilichofunika jina lake ukutani kinapoondolewa, vigelegele vinazima hotuba ya kwanza. Hakuna anayelalamika.

Jioni Bernadeta anasugua masufuria. Anapanga kuanza kuuza uji alfajiri, kwa ajili ya watu wa Mngeta wanaofika mapema kusubiri kesi.

"Wageni watauliza Mayunga ni nani," anasema. "Nitawaambia wakae kwanza, wanywe uji. Habari zake ni ndefu."