Kiapo cha kunyamaza siku saba, na posa ya binti yangu siku ya tano

Ijumaa, tarehe tisa mwezi wa tano. Mvua imepiga tangu alfajiri, mchana ikawa manyunyu. Mbao zangu zimelowa zote.

Wakuu, salaam kwenu, na wakubwa shikamooni.

Siku zote nasoma tu nyuzi za wenzangu, leo naandika wangu. Haya ni ya kweli kadiri ninavyokumbuka. Nikipotoka, mke wangu naye ni member humu, atanirudi mbele yenu.

Mimi ni fundi wa milango ya nakshi hapa Bagamoyo. Shule niliishia la saba, mnivumilie.

Mwaka huu nilijiunga na darasa la kujitambua kule Kerege. Ni darasa la siri, ingawa linafanyika kwenye banda lililo wazi pande tatu.

Mwalimu tunamwita Mkufunzi. Zamani alifundisha udereva Dar, na hadi leo akikuambia uitazame nafsi yako unajikuta unatafuta kioo cha pembeni. Nasema kwa haki, ni mtu mpole.

Alianza kwa kuja karakana kwangu kunifafanulia alama. Mnyororo ninaouchonga kwenye fremu, akasema, ni roho iliyofungwa na matamanio. Samaki ni nafsi inayorudi kwenye asili yake.

Nikamwambia samaki nachonga kwa sababu marehemu baba alinifundisha samaki.

Akatabasamu. Akasema baba yako alijua, ila hakukuambia.

Wakuu, hilo liliniingia. Kumbe miaka yote nachonga siri nisizozijua! Au baba naye hakujua? Sina hakika. Baba ukimuuliza jambo alikuwa anajibu "chonga".

Basi, njia ina level saba, Mkufunzi anaziita Milango. Mlango wa kwanza ni kukaa siku saba bila kutamka neno, ili uisikie nafsi yako. Kuandika ni marufuku, maana ni kusema kwa mkono. Kutikisa kichwa ni marufuku, maana ni kusema kwa shingo. Sala tu ndiyo aliiruhusu, na hapo nilimshukuru.

Sasa kosa langu. Nilijua siku ya tano wanakuja watu kumposa binti yangu Zuhura. Nilijua kabisa.

Ila nilipiga hesabu zangu. Kwetu kwenye posa baba wa binti anakaa tu na kanzu yake, anayesema ni baba mkubwa. Kaka yangu angesema, mimi ningekaa nikiisikia nafsi.

Mkufunzi sikumuuliza. Niliogopa ataniona wa level ya chini.

Jumapili, siku ya tano, ikafika. Wageni wameshakaa mkekani, ujumbe wa kaka ukaingia: basi limeharibika Chalinze, sema wewe, baba ni wewe.

Mshenga wao, Mzee Shomari, akaweka barua mbele yangu, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akaeleza ujumbe wake vizuri sana. Kilichobaki ni mimi kusema tumepokea.

Nikafumba macho.

Wakasubiri. Mke wangu nyuma ya pazia akakohoa. Akakohoa tena. Mwisho akawaambia wageni wanisamehe, mume wake anaumwa koo.

"Pole yake," akasema Mzee Shomari. "Basi na atikise kichwa. Shingo haiumwi?"

Sikutikisa. Jasho lilinitoka, lakini nilijiambia ndio mtihani wenyewe huu. Nilijiona niko karibu sana na kitu, sijui kitu gani.

Mzee Shomari akageukia wenzake. "Mwari akiulizwa akanyamaza, tunajua amekubali. Baba yake akinyamaza tuhesabu nini?"

Akaichukua barua, wakavaa viatu, wakaondoka. Kwetu barua ikirudi haijapokewa, mmekataa. Na habari hiyo inafika sokoni kabla yao.

Zuhura akatoka chumbani. Hakulia. Akasema, "Baba, wewe jitambue tu. Mimi mwambie Mkufunzi anitafutie mume."

Hapo ndipo niliposema neno la kwanza baada ya siku tano. Nilisema, "Nakwenda." Sauti ilitoka kama ya randa butu.

Mnajua wenyewe, upande wa mke hauendi kuomba. Mimi nilikwenda, kwa miguu, na kanzu ileile, watu wananitazama.

Nikawakuta barazani kwa baba yake kijana. Mzee Shomari akauliza kama sasa koo limepona. Nikaeleza yote, na shingo pia. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

Baba yake kijana akaniuliza, "Na umejiona?"

Nikamwambia nimemwona mjinga mmoja, ila sina hakika kama ndiye mimi.

Akasema watarudi Ijumaa, kwa sharti moja. Barua nitaisoma mwenyewe, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho.

Leo wamerudi. Kaka alikuwepo, wakamwambia anyamaze. Mimi kusoma ni mzito, na barua ilikuwa kurasa mbili za maneno ya heshima. Kila nilipokwama hakuna aliyenisaidia. Ukurasa wa pili nilitaka kulia. Mzee Shomari akasema taratibu, "Endelea, baba mkwe." Nikaendelea. Tumepokea.

Mkufunzi nimempigia. Amesema nimeanguka, nianze upya siku ya kwanza. Halafu akampongeza binti, na alimaanisha.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: ukitaka kunyamaza ili ujijue, uliza kwanza nani anasubiri jibu lako. Huenda nakosea, na darasa lina watu liliowafaa. Mliopita njia hizi semeni bila kunionea haya. Na wanaojua maana ya samaki mlangoni, nawasikiliza.

Jioni tumekula wali wa nazi na kuku aliyebaki wa wageni. Zuhura ndiye aliyepakua. Akaniuliza kama chumvi imetosha, nikajibu kabla hajamaliza kuuliza.