Siku Waya Alipovua Shati

Hospitalini walimwita Waya, na jina hilo likamganda kuliko lile alilopewa na babake. Kompyuta zote, tangu mapokezi hadi maabara, zilikuwa mikononi mwake. Mkewe alimtania kwamba huanza kusalimia mashine, binadamu baadaye, naye hakubisha. "Mashine haisinzii, mama watoto," alijibu. "Wala haisahau."

Fahari yake ilikuwa wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Sasa njiti wana tabia ya kutisha: huweza kusahau kupumua. Kwa hiyo kila kitanda kilikuwa na kifaa cha kufuatilia pumzi, na mtoto akisahau, habari ilipita kwenye nyaya hadi skrini ya wauguzi, kengele ikalia, muuguzi akamkimbilia. Vifaa hivyo Waya alivifunga mwenyewe. Watoto hakuwahi kuwatazama. Aliingia, akakaza nyaya zake, akatoka.

Basi asubuhi moja mtu wa ofisini akafungua barua pepe ya mtu asiyemjua, na balaa likaingia. Wadukuzi wakafunga kompyuta za maabara, wakafunga za duka la dawa, na kila skrini ikabaki na ujumbe wa kudai fidia. Kuteka nyara wagonjwa! Kuna watu sijui mioyo yao imeumbwa kwa kitu gani. Na uovu wenyewe ulikuwa bado unatembea, jengo hadi jengo. Waya akatoka mbio hadi kwa njiti, jasho likimtiririka.

"Sista, lazima niikate wodi hii kwenye mtandao," alimwambia muuguzi mkuu huku akihema. "Wakiingia humu, kifaa kinaweza kuonyesha mtoto mzima kumbe hapumui."

"Na ukikata?"

"Skrini inazimika. Kengele hamna."

Sista hakupandisha sauti. "Ngoja kidogo, baba." Akawageukia akina mama. "Haya, mama zangu. Kila mtu na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi. Akinyamaza utamsikia. Msugue mgongo, umwite."

Waya akakata. Alitegemea vilio na vurumai, lakini wodi ikatulia tuli. Akina mama waliinamisha vichwa, kila mmoja akisikiliza pumzi moja tu. Waya akapigwa na butwaa. Miaka yote hiyo amekuwa akiingia humu, na hakujua kama binadamu anaweza kusikiliza namna ile.

"Fundi," Sista akamwita. "Mama wa huyu bado yuko chumba cha upasuaji, na wauguzi wangu mikono imejaa. Nawa, vua shati."

"Mimi? Sista, mimi mtu wa kompyuta!"

"Kwani huna kifua?"

Akina mama wakacheka chinichini. Waya akanawa, akavua, akaketi kama bwana harusi aliyesahau maneno, Sista akamlaza mtoto kifuani pake. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko mkate, na moyo wake ulidunda kwa kasi ya ajabu. Waya aliogopa hata kumeza mate.

Kisha kile kifua kidogo kikanyamaza.

Waya alidhani ni hofu yake tu. Akasubiri. Hakuna kitu. Akamsugua mgongo kwa vidole viwili. Kimya. "Mwanangu," akaita. Akasugua tena. "Mwanangu, njoo."

Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akaitoa ikiwa ya moto shingoni pa Waya. Sista alikuwa ameshafika, mkono tayari. Akaurudisha chini.

"Amekusikia," alisema.

Waya alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Mchana simu ikaita mfukoni. Alikuwa mkuu wake. "Waya, tumesafisha kila kitu. Warudishie wodi mtandao, haraka."

"Tuma mtu mwingine aje aurudishe, mkuu," Waya alinong'ona. "Mimi siwezi kuinuka. Mama yake hajafika."