BMW ya Falis Mohamedamin

Tangu mumewe afariki, Falis Mohamedamin huendesha lori kati ya Isiolo na Moyale, na mjini hakuna anayeshangaa tena. Kinachowashangaza watu ni gari lake lingine, BMW M5 nyeusi ya miaka ya themanini aliyoachiwa na babake. Ukiitazama, ni gari la kawaida la milango minne. Lakini chini ya boneti mna injini ya silinda sita ambayo asili yake ni magari ya mashindano.

Kwa miaka mingi lilikaa uani, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Tache, mfanyabiashara wa mbuzi, hakuacha kumtania.

"Falis, toa hiyo injini uweke ya Toyota. Spea utapata hapa hapa."

"Nikiweka ya Toyota, hiyo itakuwa gari gani?"

Falis akamwita Kananu, mwanamke fundi wa magari. Wakaifungua injini, wakaisafisha, wakaagiza vipuri ambavyo vilichelewa hadi wakasahau waliagiza nini. Siku ilipowaka, jirani alitoka nje akauliza kama ndege imetua nyuma ya msikiti.

Safari yake ya kwanza ilikuwa ya harusi. Farhiya, binti wa kaka yake Falis, alikataa katakata kutolewa kwao Kulamawe kwa gari lingine. Kwenda, Falis na Kananu walifika salama. Wakati wa kurudi na bibi harusi, walipovuka mto mkavu, gari likazama mchangani hadi tumbo likagusa chini. Falis akazima injini. Aliona amemharibia mtoto siku yake.

"Eedo, nishuke nisukume?" Farhiya alimwuliza shangazi yake.

"Na hizo nguo?"

Farhiya alikuwa ameshavua viatu. Akapandisha gauni, akasukuma pamoja na Kananu, mikono yenye hina ikijaa vumbi, wakacheka mpaka nguvu zikawaishia.

Ndipo lori la Tache likatokea, limejaa mbuzi. Falis akajiandaa kwa maneno.

"Salaam aleikum," Tache alisema. "Leo mimi sisemi kitu." Akatoa kamba, akawavuta.

Walipofika kwenye lami, Falis alisimama kumshukuru. Tache akaisikiliza injini ikinguruma taratibu, kisha akauliza kama anaweza kuketi ndani kidogo. Lori akamwachia dereva wake, na Kananu akahamia nyuma kwa bibi harusi.

Barabara ilikuwa imenyooka, tena tupu. Falis akakanyaga mafuta. Farhiya akapiga vigelegele, shela yake ikipepea dirishani. Tache alishika mlango kwa mikono miwili hadi mjini.

"Umeogopa?" Falis alimwuliza waliposhuka.

"Kidogo. Hiyo injini usitoe."

Harusini, wanaume walipomwuliza Tache habari za safari, aliwasimulia gia moja baada ya nyingine kana kwamba usukani ulikuwa mikononi mwake. Falis, aliyekuwa upande wa kina mama na sahani ya pilau, alimsikia, akamwacha aendelee.